Tiba ya kinga kwa saratani adimu za kinywa: mwongozo kwa mgonjwa wa Tanga na anayemuuguza

Dripu yenyewe huchukua nusu saa. Wiki tatu zinazofuata mgonjwa yuko nyumbani, Ngamiani, Pongwe au Muheza, na madhara ya dawa humkuta huko huko, ilhali daktari aliyeiandika yuko Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 300 kwa basi kutoka stendi ya Kange. Mwongozo huu unauzingatia umbali huo. Ni wa mgonjwa, wa anayemuuguza, na wa mhudumu atakayempokea saa nane za usiku akiwa anaharisha.

Kwanza, dawa inafanya nini. Seli za kinga zina breki, na mojawapo inaitwa PD-1. Uvimbe wa saratani hujifunza kuikanyaga breki hiyo ili seli za kinga zipite bila kuugusa. Pembrolizumabu na nivolumabu huiziba PD-1, ipilimumabu huziba breki nyingine iitwayo CTLA-4, na kinga huamka. Waliogundua njia hii, James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Ila kinga iliyoondolewa breki haichagui: inaweza kuugeukia utumbo, mapafu, ini, tezi au moyo wa mwenyewe. Karibu kila onyo lililomo humu linatokana na jambo hilo moja.

Jina la saratani kwanza

"Saratani ya kinywa" si jina la kutosha kuanzia dawa. Sehemu kubwa ya saratani za kinywa ni skwamasi, inayoanzia kwenye utando laini wa ulimi, shavu au ufizi, na inayohusishwa sana na tumbaku, ugoro, kuberi, tambuu yenye popoo, na pombe. Zile adimu ni nyingine, na kila moja huitikia dawa hii kwa namna yake.

Melanoma ya utando wa kinywa, yaani saratani ya seli zinazotoa weusi, hukaa zaidi kwenye kaakaa gumu na ufizi wa juu. Hapa tiba ya kinga ina nafasi ya kweli. Uchambuzi uliokusanya wagonjwa wa melanoma za utando ulionyesha uvimbe kunywea kwa takriban asilimia 23 ya waliopewa nivolumabu peke yake, na asilimia 37 ya waliopewa nivolumabu pamoja na ipilimumabu. Ni pungufu ya melanoma ya ngozi, na dawa mbili kwa pamoja huleta madhara makali zaidi. Hapa kwetu ugonjwa huu una mtego wake: wengi wetu tuna ufizi mweusi wa kuzaliwa. Weusi wa kuzaliwa huwa pande zote mbili, hauna uvimbe, na haubadiliki mwaka hadi mwaka. Doa la upande mmoja linalopanuka, linaloinuka, linalotoa damu au linalolegeza jino lipelekwe kwa daktari wa meno wiki hiyo hiyo, na jino lising'olewe kabla doa halijapimwa.

Saratani za tezi ndogo za mate, hasa aina ya adenoidi sistiki, hutambaa polepole kufuata mishipa ya fahamu na huenda mapafuni baada ya miaka. Tiba ya kinga huzisaidia kwa nadra sana. Mgonjwa wa aina hii asiuze shamba kwa ajili ya dawa hiyo kabla ya kuuliza kuhusu upasuaji na mionzi. Saratani ya verukasi, inayoota kama koliflawa shavuni, kwa kawaida haisambai na dawa yake ni kisu. Saratani ya Kaposi kwenye kaakaa kwa mwenye VVU huanza kutibiwa kwa ARV zenyewe, na tibakemikali huongezwa ikiwa imeenea. Huyo kinga yake inajengwa upya kwa vidonge vinavyotolewa bure kliniki, na hana sababu ya kuanza na dripu ghali.

Kwa skwamasi iliyorudi au kusambaa, pembrolizumabu hutolewa peke yake au pamoja na tibakemikali. Tangu Juni 2025 Marekani imeruhusu pia itolewe kabla na baada ya upasuaji kwa uvimbe mkubwa ambao bado unakatika: dozi 2 kabla ya kisu, kisha nyingine baada yake, kwa sharti kwamba kipimo cha PD-L1, protini ambayo uvimbe huitumia kuikanyaga PD-1, kimefika 1 au zaidi.

Kinyama na fomalini

Kipimo cha PD-L1 hufanywa kwenye kile kile kinyama, yaani kipande cha uvimbe, kilichokatwa mwanzo kwa ajili ya kupima. Kikiharibika, mgonjwa atakatwa tena. Huharibika kwa sababu ndogo ndogo, na zote zinazuilika:

Kinyama kikatwe ukingoni mwa kidonda, panapokutana nyama mbovu na nyama nzima. Katikati ya kidonda mara nyingi mna nyama iliyokufa, na majibu yatarudi "haitoshelezi". Kiwekwe mara moja kwenye fomalini ya asilimia 10 yenye bafa, kiasi cha mara kumi ya ukubwa wa kinyama, ndani ya chupa yenye mdomo mpana. Kisiwekwe kwenye maji ya chumvi ya dripu wala spiriti. Jina liandikwe kwenye chupa, sio kwenye kifuniko, kwa maana vifuniko hubadilishana mezani. Saa ya kukata iandikwe pia, kwa kuwa kinyama kinatakiwa kikae kwenye fomalini kati ya saa 6 na saa 72. Kilichokatwa Ijumaa mchana kikasubiri gari la Jumanne kimeshapita muda, na rangi za kipimo zinaweza kushindwa kushika. Kwa hiyo akatwe Jumatatu au Jumanne.

Majibu yakitoka, omba mambo mawili: nakala ya ripoti, na kipande cha nta kilichohifadhi kinyama. Kipande hicho ndicho kitakachosafiri kwenda maabara nyingine iwapo PD-L1 haipimwi hapo. Kisafiri na mtu, kimefungwa kwenye karatasi ndani ya kikopo kigumu, kisiachwe juani kwenye dashibodi. Kwa PD-L1 ya skwamasi, maabara huhesabu alama iitwayo CPS, ndiyo ile inayotakiwa ifike 1 au zaidi, na huhitaji kuona angalau seli 100 hai za saratani. Kwa uvimbe unaoshukiwa kuwa melanoma, omba rangi za S100, SOX10, HMB-45 au Melan-A, maana melanoma isiyo na weusi ipo, na hupewa majina mengine kwa urahisi.

Kabla ya dripu ya kwanza

Vipimo vya mwanzo ndivyo vitakavyotumika kulinganishia baadaye. Enzimu za ini zikipanda wiki ya sita, swali la kwanza ni zilikuwa ngapi mwanzo. Vichukuliwe: picha kamili ya damu, enzimu za ini na bilirubini, kreatinini, sodiamu na potasiamu, sukari, TSH na T4 za tezi ya shingo, kotisoli (homoni ya tezi za adrena) ya saa mbili asubuhi, homa ya ini B na C, VVU, eksirei ya kifua, kipimo cha umeme wa moyo, uzito, na oksijeni ya kidoleni. Mwanamke wa umri wa kuzaa apimwe mimba. Karatasi zote zipigwe picha kwa simu. Bahasha hupotea.

VVU iliyodhibitiwa kwa ARV haizuii tiba hii. Homa ya ini B isiyotibiwa inahitaji dawa yake kwanza au sambamba. Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili kipimwe makohozi, kwani TB iliyolala inaweza kuamka chini ya dawa hizi. Aliyewahi kupandikizwa figo, au mwenye ugonjwa ambao kinga tayari inaushambulia mwili, kama lupasi, aseme mapema. Kwake hesabu ya faida na hatari ni tofauti kabisa.

Lipo jambo moja ambalo miongozo ya Ulaya hulipitia haraka, na kwa watu wa pwani ni kubwa: minyoo ya strongiloidesi. Huingia kwa ngozi ya mguu kutoka kwenye udongo na huweza kukaa tumboni miaka bila dalili. Madhara ya tiba ya kinga hutibiwa kwa steroidi nyingi, dawa za kuituliza kinga, na steroidi humfungulia mnyoo huyu akasambaa mwili mzima, jambo linaloua. Mtu aliyelima au aliyekulia pekupeku amuulize daktari kuhusu ivamektini, mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito, siku moja au mbili, kabla ya kuanza. Kidonge kimoja cha albendazoli cha kampeni za minyoo hakimalizi mnyoo huyu.

Meno mabovu yang'olewe mapema, hasa kama mionzi nayo imo kwenye mpango. Taya lililopigwa mionzi haliponi vizuri likiguswa baadaye.

Dozi, bei na baridi

Pembrolizumabu ya kawaida ni miligramu 200 kila wiki 3, au 400 kila wiki 6. Nivolumabu ni 240 kila wiki 2, au 480 kila wiki 4. Kwa mkaazi wa Tanga ratiba ya wiki 6 hupunguza nauli kwa nusu, lakini pia humwacha bila kuonwa na daktari kwa siku 42, kwa hiyo ni vyema dozi mbili za kwanza ziwe za wiki 3.

Bei ndiyo inayokatisha tamaa, na yapo maswali halali ya kumuuliza daktari. La kwanza: dozi kwa uzito. Pembrolizumabu iliporuhusiwa mara ya kwanza mwaka 2014 kwa melanoma, dozi ilikuwa miligramu 2 kwa kilo kila wiki 3. Mtu wa kilo 50 alihitaji miligramu 100, yaani kichupa kimoja cha sasa, na leo dozi moja kwa wote inamtaka viwili. La pili: dozi ndogo. Madaktari wa hospitali ya saratani ya Tata Memorial, Mumbai, India, waliwapa wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo isiyoponyeka nivolumabu miligramu 20 tu kila wiki 3, pamoja na vidonge vya methotrekseti, selekoksibu na erlotinibu. Waliokuwa hai baada ya mwaka walikuwa asilimia 43.4, dhidi ya 16.3 ya waliopata vidonge peke yake. Utafiti huo ulihusu skwamasi, usihamishiwe kwenye melanoma kwa kubahatisha. Kichupa kidogo cha nivolumabu kina miligramu 40 na hakina dawa ya kuhifadhi, hivyo kikifunguliwa mabaki hayatunzwi hadi safari ijayo. Wagonjwa wawili wakipangwa siku moja hugawana.

Ukiwa na bima, pata idhini ya maandishi kabla ya kupanda basi, yenye jina la dawa, dozi na idadi ya mizunguko. "Imekubaliwa" ya mdomo haifiki dirisha la malipo.

Dawa hukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Haigandishwi, haitikiswi, na huwekwa gizani. Wanaoletewa vichupa kutoka India kwenye sanduku la nguo wanahatarisha fedha zao: protini iliyopigwa joto haioneshi kwa macho kwamba imekufa. Nayo iliyogusana na barafu moja kwa moja huganda pembeni ya kichupa, na hiyo pia ni ya kutupa. Ikilazimu kubebwa, iwe kwenye kisanduku cha chanjo, vibarafu vimeachwa hadi vianze kutoa maji, kuna kitambaa kati yake na dawa, na kipimajoto ndani. Kwanza hakikisha hospitali itakubali kuitumia. Nyingi hukataa dawa isiyo na njia inayojulikana, nazo ziko sahihi.

Siku ya dripu

Kwa mhudumu: acha kichupa kifike joto la chumba. Miligramu 200 za pembrolizumabu ni mililita 8, vichupa viwili. Toa mililita 8 kwenye mfuko wa mililita 100 wa chumvi ya asilimia 0.9, ingiza dawa, pindua mfuko taratibu bila kutikisa. Mkolezo uwe kati ya miligramu 1 na 10 kwa mililita. Pitisha kwa dakika 30 kwenye mrija wenye chujio la mikroni 0.2 hadi 5, na usichanganye dawa nyingine kwenye mrija huo. Ikishachanganywa hukaa saa 6 nje ya friji, au saa 96 ndani.

Mgonjwa akipata baridi kali, uso kuwaka au pumzi kubana, dripu isimamishwe kwanza, maelezo baadaye. Hii haitokei kwa wengi. Kabla ya kila dripu rudia ini, kreatinini, sukari na sodiamu, na TSH kila baada ya wiki 6 hivi. Vipimo hivi hufanyika hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, siku mbili tatu kabla ya safari. Ni afadhali kujua ukiwa Tanga kwamba ini limepanda kuliko kuambiwa Dar na kurudishwa.

Wiki za nyumbani

Wanaouguza wengi wamewahi kuuguza mtu wa kemo, na wanasubiri nywele kudondoka na kutapika. Hayo hapa ni nadra. Madhara ya tiba ya kinga huja kimya kimya, mara nyingi kati ya wiki ya 3 na mwezi wa tatu, na hufanana na magonjwa tunayoyajua. Hapo ndipo watu wanapopotea.

Kuharisha. Mtaani jibu liko tayari: amiba, flajili, au sipro ya duka la dawa. Mgonjwa hunywa dozi siku tano, hajambo kidogo, anaharisha tena, na utumbo unazidi kuchubuka mpaka unatoboka. Hesabu mara anazoenda chooni zaidi ya kawaida yake. Nyongeza ya 1 hadi 3 kwa siku, piga simu. Ya 4 hadi 6, aende hospitali leo. Ya 7 au zaidi, au damu, au tumbo kuuma sana, ni dharura. Choo kipimwe, ndiyo, kwani amiba naye yupo Tanga, lakini kungoja majibu kusicheleweshe steroidi kwa mtu anayezidiwa.

Kikohozi kikavu na pumzi fupi. Anayeshindwa ngazi alizopanda juzi, au oksijeni iliyoshuka chini ya kiwango chake cha mwanzo, apigwe picha ya kifua. Inaweza kuwa mapafu kuwaka kwa kinga, nimonia au TB. Vyote vitafutwe kwa pamoja.

Uchovu uliopitiliza. Tezi ya shingo ikilegea, mtu huvimba uso, husikia baridi hata kwenye joto la Februari, na hufunga choo. Hii hutibika kwa kidonge cha livothairoksini, na dripu huendelea. Tezi za adrena, zilizo juu ya figo, zikizimika, presha hushuka, kichefuchefu, sodiamu chini. Mtu hutundikiwa maji, huamka kwa saa mbili, huanguka tena. Huyo anahitaji haidrokotisoni, miligramu 100 kwenye mshipa. Zikiwa zimelegea zote mbili, haidrokotisoni hutangulia livothairoksini. Kinyume chake humwangusha mgonjwa.

Kiu na kukojoa sana ni sukari mpaka ithibitike vingine. Huja kwa siku chache na kwa ukali, na hutaka insulini wala si vidonge.

Kope kulegea, kuona vitu viwili, maumivu ya kifua, misuli kuuma, au kumeza kuwa kugumu ghafla: moyo au misuli inashambuliwa. Mara nyingi hutokea ndani ya miezi miwili ya mwanzo, na huua haraka. Kwa mgonjwa wa kinywa ni rahisi kusema "ni kidonda chake tu kinamzuia kumeza". Kidonda hakilegezi kope.

Homa ipimwe malaria kama kawaida. Ikiwa hasi, usimpe mseto "kwa usalama" na kumrudisha kulala. Na vikombe vya mitishamba viachwe kwa muda huu, kwa sababu ini likiwaka hakuna atakayejua limewashwa na nani.

Mapokezi ya hospitali, maneno ya kusema ni haya: "Shikamoo daktari. Mama anatibiwa saratani kwa pembrolizumabu, dawa inayoamsha kinga, sio kemo. Dripu ya mwisho ilikuwa tarehe fulani. Tumeambiwa kuharisha huku kunaweza kuhitaji steroidi. Namba ya daktari wake hii hapa." Mpe kadi, iandikwe hayo hayo kwa wino, na nakala moja ikae kwenye mkoba wa mgonjwa.

Steroidi, kwa mhudumu

Madhara madogo: endelea na dripu, angalia. Ya kati: simamisha dripu, predinisoloni miligramu 0.5 hadi 1 kwa kilo kwa siku. Makali: methilipredinisoloni ya mshipa, miligramu 1 hadi 2 kwa kilo, na alazwe. Utumbo usipotulia kwa siku 3 hadi 5, piga simu kwa wataalamu kuhusu infliksimabu, dawa nyingine ya kuituliza kinga, na kumhamisha.

Mtu wa kilo 50 kwa kipimo cha miligramu 1 anakunywa vidonge kumi vya miligramu 5 kila asubuhi. Mwenye duka la dawa atashtuka, na mgonjwa mwenyewe atapunguza. Andika ratiba ya kushuka kwenye karatasi, wiki kwa wiki, isiwe chini ya wiki 4 hadi 6. Kosa linalojirudia ni kuacha siku ya kumi kwa sababu kuharisha kumekoma. Ugonjwa hurudi, na mara ya pili ni mgumu zaidi. Akikaa kwenye miligramu 20 au zaidi kwa wiki 4, apewe septrini ya kuzuia maambukizi, sukari ipimwe, tumbo lilindwe.

Kinywa chenyewe, na kujua kama dawa inafanya kazi

Sukutua mara nne hadi sita kwa siku: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, kijiko cha chai cha chumvi, kijiko cha chai cha magadi ya kuokea. Ni bikaboneti ya dukani, siyo magadi ya kupikia maharage. Uji wa lishe, mtori na supu ya samaki iliyochujwa hupita vizuri. Achar, ndimu na pilipili ziwekwe kando, na ugoro, kuberi na tambuu ziishe kabisa. Michirizi myeupe au vidonda vipya shavuni huenda ni kinga ikishambulia utando, na hutulia kwa steroidi ya kupaka. Ukungu mweupe unaofutika ni fangasi na una dawa yake.

Picha ya kwanza ya kulinganisha hupigwa baada ya wiki 9 hadi 12. Kabla ya hapo piga picha kidonda kwa simu kila Ijumaa, mwanga ule ule, rula pembeni. Uvimbe kuongezeka kidogo mwanzoni huweza kuwa seli za kinga zilizojaa ndani yake, lakini katika saratani za kinywa hilo ni nadra. Uvimbe unaokua huku mgonjwa akipungua uzito na maumivu yakizidi ni ugonjwa unaosonga mbele, na dripu zaidi hazitabadilisha hilo. Dawa za maumivu, mofini ikiwemo, zisingoje hatua hiyo. Zianze siku maumivu yanapoanza.

Kwa anayeitikia, pembrolizumabu ya skwamasi iliyosambaa huendelea hadi miaka 2. Ikikoma, kadi isitupwe, kwa kuwa madhara huweza kujitokeza miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho. Mwanamke aendelee kuzuia mimba miezi 4 baada ya pembrolizumabu, au 5 baada ya nivolumabu. Anayepanga safari inayodai cheti cha homa ya manjano amwone kwanza daktari wake, kwani chanjo hiyo ni ya kirusi hai.